Kipindi cha Mbavu

Kiunzi chetu kilishuka Uvinza na treni ya mizigo,
kimekunjwa ndani ya kiroba cha chumvi.
Mkono wa kushoto haukufika.
Kidato cha Tatu wakakipa jina, Mzee Misago,
kwa kuwa anacheka daima na hakuna anayemdai.
Mkono tuliuchonga wenyewe, mti wa mninga
na waya wa breki ya baiskeli,
vidole mabua ya mtama.
Mkaguzi alipokuja aliusifu mkono ule
kuliko mwili mzima.

Uti wa mgongo niliufundisha kwa migebuka.
Bukuru aliwaleta kutoka genge la mama yake,
wakavu, wagumu kama rula.
Nikisema "pingili" wanavunja,
wanahesabu, wanakula ushahidi.
Mtulinga kila mmoja alishika wake,
akaufuata kwa kidole kutoka bega hadi koo
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Mtihani utauliza kwa Kiingereza, niliwakumbusha,
ila siku ukivunjika
utalia kwa lugha ya kwenu.

Machi, mto Ruchugi ukala daraja.
Wanafunzi kumi na mmoja wakabaki ng'ambo,
mimi huku na chaki zangu,
na simu yenye ufa katikati ya kioo.
Saa nne usiku, kifurushi kinaposhuka bei,
nilipanda kichuguu nyuma ya nyumba, penye mtandao,
nikapiga kaya baada ya kaya:
Vidole viwili, chini ya gumba,
pale ngozi ilipo nyembamba.
Usitumie gumba. Gumba lina mapigo yake,
litakudanganya.
Hesabu. Saa ninayo mimi.

Sabini na sita.
Themanini na mbili.
Mtoto wa Ntahondi akasema mia tatu;
tulikuja kugundua alihesabu vyura.

Nyamwiza alikawia kupokea.
"Mwalimu, nimeshika mkono wa bibi.
Wangu nimeuchoka."
Haya, hesabu kwa sauti.
"Moja. Mbili. Tatu.

Nne. Tano.


Sita."

Nikadhani ni mtandao.
Nikainuka, nikahamia upande wa pili wa kichuguu,
simu juu kama anayeombea mvua ikatike.
Rudia.
Akarudia.
Lakini kati ya tano na sita
nilisikia bati lao likipigwa na mvua,
nikasikia mbuzi akikohoa,
na kijiko kikianguka, na mtu akikiokota.
Mtandao ulikuwa mzima.

Katika kitabu cha mwongozo moyo una rangi mbili,
vyumba vinne, na mishale.
Hakuna mshale unaosimama kufikiri.
Nilimwambia, andika.
Saa, hesabu, na kila mahali anaporuka.
Asubuhi karatasi iende zahanati.
Nilichokiogopa sikukisema:
mshahara wangu ni wa kufundisha mbavu,
si wa kujua kilichomo ndani yake.

Bibi alivushwa Jumatatu kwa mtumbwi, kati ya magunia,
karatasi ya mjukuu ndani ya mfuko wa nailoni,
mfuko ndani ya kitenge.
Wanasema daktari wa Kigoma aliisoma mara mbili,
akauliza ni muuguzi gani aliyeandika.
"Hana hata viatu vya shule," bibi akajibu,
akidhani ameulizwa kwa ubaya.

Sasa kuna magogo pale palipokuwa na daraja.
Bibi anameza vidonge, anavilalamikia uchungu,
anaruka shamba moja tu kati ya mawili.
Ng'ambo wamerudi wote isipokuwa mmoja aliyeolewa,
na jina lake bado naliita asubuhi.

Leo, wenzake wakichora kiwambo na mapafu,
Nyamwiza alisimama mbele ya Mzee Misago,
akaushika ule mkono wa mninga,
vidole viwili chini ya gumba la mtama,
akatulia, midomo ikicheza.
Darasa likacheka.
Sikumkatiza.
Nilijikuta nimeinua kiwiko,
natazama saa.