Ulimi wa Bati

Viungo vyake nilivijua kabla sijajua kusoma:
kitovu, masikio mawili, mkono,
na ulimi.
Ulimi ulikatwa kwenye kopo la samli,
ukapindwa kidogo, kama wa mtu anayeonja uji wa moto,
ukagusishwa meno ya gurudumu.
Mshipi ukivutwa, gurudumu linasema.

Baba yangu, Mazigo wa Kayenze, aliyatengeneza
na hakupanda mtumbwi hata mara moja kwa hiari yake.
Mbao aliokota kwa waunda mitumbwi,
makapi ya mninga yaliyokataliwa kuwa ubavu.
Ekseli ilitoka kwenye baiskeli iliyokwisha hadhi.
Mkono ulikuwa kipande cha mpini wa jembe
lililomvunjikia mama shambani,
na mama hakuacha kukumbusha.
Tundu alilitoboa kwa nondo iliyoiva motoni.
Moshi ule! Mpaka leo
nikipita kwa maseremala wa Kirumba
nageuka, kana kwamba nimeitwa.

Jioni alikaa mlangoni, akisikiliza ziwa.
Kre. Kre. Kre.
"Sato," anasema, "tena mvivu."
Krrrrrrr.
"Sangara huyo. Atamla Bwire vidole."
Kimya kirefu, halafu kre moja tu.
"Hilo jiwe. Mwambieni Tungaraza aliache,
jiwe la watu."

Wadeni aliwaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlango:
Bwire, mawili.
Tungaraza, moja na nusu
(nusu ni lile alilorudisha bila mkono).
Magesa wa Igombe, kesho.
Kesho hiyo ilikaa mlangoni miaka tisa,
mvua ikaifuta, si Magesa.

Mniulizapo yaliisha lini, sina siku ya kuwatajia.
Mtu alirudi kutoka Makoroboi
na kigurudumu cha plastiki, chekundu,
chepesi kama ganda la yai,
bei yake haifiki ya kopo la samli.
Kilivunjika mwezi wa pili. Akanunua kingine.
Mwingine akazungushia mshipi kwenye chupa ya maji,
bure kabisa, na samaki hakuuliza.
Sangara nao wakasogea mbali,
wakataka injini, nyavu, na mkopo.
Ukifika mlangoni kwetu jioni
ulisikia jenereta tu, na redio ya jirani.
Baba aliendelea kutega sikio
kama anayengoja mgeni asiyemjua jina.

Gurudumu moja analo fundi umeme, Kasembo.
Amelizungushia waya.
Akija kwa jirani kuunga taa, akauvuta,
kre, kre, kre,
nami nasimama, mwiko mkononi, ugali unaungua.
Mwanangu anauliza, "Mama, nini?"
Nataka kumwambia: ni sato, tena mvivu.
Namwambia: ni Kasembo.

Baada ya matanga tulifungua sanduku.
Patasi mbili. Msumeno uliong'oka meno.
Magurudumu matatu yasiyo na ulimi,
kama watoto waliozaliwa usiku, hawajapewa jina.
Na chini kabisa, ndani ya shati lake la harusi,
chupa ya maji ya dukani,
imezungushiwa mshipi kwa mkono wa mtu hodari,
uzi juu ya uzi, hakuna uliopanda mwenzake.
Ndoana ina kutu kidogo.
Shingoni mwa chupa, gamba la sato,
bado linang'aa.

Tukatazamana. Yeye!
Kumbe zile alfajiri za kwenda "kutazama mbao,"
alikuwa juu ya mawe, nyuma ya magugumaji,
anavua kwa chupa.

Nilidhani mama atalia.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Mimi nilijua," akasema. "Sato wale aliwaleta nani?
Chupa haina ulimi.
Mzee alitaka kuvua bila kusemwa."