Urefu wa Pembe

Babu Ekellot alirudi kutoka Jinja na vitu vitatu:
blanketi la kijivu,
kikohozi cha saruji,
na Kiswahili cha vibarua, cha kuhesabia mifuko.
Alisema, tumeufunga mto mdomo,
sasa Naili itatema moto kwenye waya.

Ngora nzima ilicheka. Maji yateme moto?
Lakini waya ulikuja kweli,
ukapita juu ya shamba letu la wimbi,
juu, juu sana,
ukivuma kama nyuki wanaohama,
ukaenda zake Soroti.
Haukutua.

Babu akazeeka chini ya umeme alioumwagia zege,
akiwasha koroboi.
Asubuhi tulipenga masizi.

Nguvu yetu ilikuwa na kwato.
Jembe la kukokotwa lilipofika, enzi za baba yake,
wanawake walilipigia yowe kama fisi,
kisha wakaona ekari imefunguka kabla ya jua kukaza,
wakanyamaza.
Maksai wake babu aliwapa majina ya Jinja:
Sajini kulia, Saruji kushoto.

Ukaja mwaka wa wavamizi.
Zizi likabaki na harufu tu.
Msimu ule jembe tulilivuta sisi watoto, kwa kamba,
na matuta yakaenda upogo
mpaka leo nayaona nikifumba macho.

Mwaka juzi akaingia Fundi Namono kutoka Mbale,
penseli sikioni.
Alichora paa lisilo na nyumba:
mabamba ya sola juu, mboga chini,
jua moja, mavuno mawili.
Nguzo, akasema, mita mbili.

Mama hakuuliza bei.
Alikwenda zizini akamleta Sajini,
Sajini wa tano kwa hesabu yetu,
akamsimamisha penye vigingi.
Pima, akasema.
Namono akacheka. Mama hakucheka.
Pima na pembe.
Pima akiwa amekasirika.

Nguzo zikapanda hadi mita tatu.
Chuma kikaongezeka. Deni nalo.

Sasa niseme yasiyosemwa kwenye mikutano.
Wimbi halikupenda kivuli:
lilirefuka kama kijana wa bweni, likalala, lisizae.
Tukalirudisha uwandani, kwao.
Na mvua ikinyesha, ukingo wa bamba
humwaga maji yote mstari mmoja, mkali kama kisu;
msimu wa kwanza ulikata vitunguu vyote katikati.
Tuligonga mabati, tukakunja mifereji,
tukajifunza kwa hasara.

Lakini kunde!
Majani yake laini kama sikio la ndama.
Na Januari, ardhi inapopasuka kama kisigino,
chini ya mabamba natumbukiza kidole
kinatoka na unyevu, na udongo umeng'ang'ania kucha.
Pampu inavuta bila kuomba mafuta.
Usiku Akiteng anafanya hesabu zake,
na akipenga, kitambaa ni cheupe.

Babu hakuyaona haya.
Kaburi lake liko hatua thelathini,
na jioni kivuli cha bamba la mwisho
humfunika miguu, kama lile blanketi.
Waya mkubwa bado unavuma huko juu,
bado una haraka zake za Soroti.
Siuonei wivu. Nautazama
kama lori la watu nisiowajua.

Saa saba mchana Sajini huingia chini ya mabamba,
anacheua,
anajikuna ubavu kwenye nguzo ya tatu
mpaka nati zinalegea.
Namono akipiga simu, kuuliza mitambo inaendeleaje,
mama humjibu kwa Kiswahili cha babu:
Leta spana.