Muhuri Kwenye Droo

Muhuri wa kampuni ulikuwa kwenye droo, Mikindani,
chini ya risiti za saruji, wino umekauka.
Mwenye jengo la Tudor alikuwa na haraka:
"Tia tu sahihi, Chengo. Si ni wewe yule yule?"

Si mimi yule yule.
Nililijua hilo tangi lilipopasuka orofa ya nne,
maji yakashuka ngazi kama mwenyeji,
yakaingia duka la vitambaa. Majora mia mbili.

Wakili alivua miwani, akauliza jambo moja:
"Hapa uliandika jina la nani?"
Langu, na la baba yangu.
Kampuni haimo. Kampuni imelala salama,
haidaiwi hata msumari.

Jumatatu madalali walikuja na lori.
Pikipiki. Friji. Cherehani ya Umazi,
ambayo haijawahi kupandisha tofali hata moja.
Alisimama mlangoni, uzi ungali mdomoni:
"Na hii nayo ilitia sahihi?"

Leo ni kupaka rangi ukuta, Bamburi, kazi ya siku mbili.
Mteja anacheka: ukuta tu huu, bwana.
Namwambia ngoja.
Napuliza muhuri, nagonga karatasi
mpaka meza inatikisika.