Kiu ya Msonobari

Bi Rukiya wa Kibokoni alitaka makabati ya jikoni
yenye rangi ya sanduku la mamake,
ule wekundu mzito wa msaji uliokaa miaka na udi.
Fedha yake ilitosha msonobari.
Nikamwambia, rangi si kitu, hiyo niachie mimi.
Ndimi niliyesema, kwa mdomo wangu na meno yangu yote.

Mbao zilishuka Magongo kwa lori la bara,
nyeupe, nyepesi, zanukia dawa ya kusugulia sakafu.
Nikapiga randa, nikapiga msasa wa themanini,
nikaona uso umelainika, nikachovya kitambaa.

Lo!
Pale ulikunywa gubigubi, hapa ukatema.
Mabaka. Uso wa mwari aliyepakwa liwa
akalia kabla halijakauka.
Na mistari ikageuka kinyume:
iliyokuwa myeupe ikawa myeusi,
kama zile filamu za studio za zamani
ambamo bwana harusi ana meno ya makaa.
Penye fundo rangi haikushika kabisa;
lilinitazama kavu, jicho la kuku.

Nikaongeza mkono wa pili. Usiniulize.

Jirani yangu Mwangome hutengeneza majeneza tu;
wateja wake hawajarudi kulalamika.
Alikuja na kikombe chake, akanusa, akauliza:
"Mwenye kiu wampa sharubati kabla ya maji?"
Nikadhani ananicheka. Alikuwa ananicheka.
Kisha akaokota kipande, akanionyesha pete zake.
"Huu mpana ni wa masika, mti ulikua mbio,
laini, wazi, una kiu ya kufa.
Huu mwembamba ni wa kiangazi, mti umekunja ngumi.
Wewe wawamwagia wote rangi moja
halafu wataka wanywe sawa?"

Basi nikakwangua. Siku mbili,
vumbi jekundu puani, kwenye kope, kwenye mahamri ya saa nne.
Themanini, mia na ishirini, mia na themanini,
kuufuata mkondo, si kuukata,
na hapo kuacha; ukizidi kulainisha
mbao hufunga mlango, rangi ikabaki nje yabisha.
Nikapitisha kitambaa cha majimaji,
malaika ya mbao yakasimama,
nikayanyoa kwa mkono mwepesi.
Nikayeyusha shelaki kwa spiriti, rangi ya chai ya mkandaa,
mkono mmoja kote,
na vichwa vya mbao, penye msumeno umepita,
nikavinywesha mara mbili, maana huko ndiko koo liliko.

Mei, Mombasa haikaushi hata leso.
Nilikaa juu ya ndoo nikangoja,
namsikiliza Mwangome akipiga misumari
kwa ajili ya mtu asiye na haraka.

Rangi nikaikoroga hadi chini, wekundu unakojificha.
Nikapaka, nikahesabu, nikafuta
kabla haijaamua.
Na mlango ukatoka.
Si msaji. Sisemi uongo mara ya pili.
Msonobari uliotulia, wekundu mmoja juu hata chini,
ila lile fundo, ambalo lilikubali nusu.

Siku ya kupachika, Bi Rukiya alifungua, akafunga, akafungua.
Akapitisha kiganja.
"Si sanduku la mama," akasema.
"Si hilo," nikajibu.
Akahesabu noti, akapunguza mia tano,
akaweka kopo la iliki kwenye rafu ya kwanza
aone kama limelala sawa.

Mlango mmoja wa mabaka ulikataa kukwanguka.
Nimeutia miguu, ndio meza ya karakana.
Akija mtu na fedha ya msonobari akitaka msaji,
namwekea chai hapo juu,
anywe, autazame,
kisha ndipo tuzungumze.