Arobaini kwa Moli

Swali la tatu lilikuwa fupi:
gramu nne za soda kali,
maji lita moja. Tafuta pH.

Nikaandika moja. Nikaipigia mistari miwili kwa rula,
kama mtu aliyemaliza deni.
Mwalimu Shaame akarudisha daftari, wino mwekundu:
"Umeteremka Konde, nauli yako ya Wete."
Maana moja ni ukali wa upande mwingine,
kupita siki, kupita ndimu.

Nyumbani Maziwang'ombe sikumwambia mama.
Alikuwa uani na ndoo na mizani ya duka,
glavu ya kushoto ina tundu kidole cha shahada.
"Soda kwenye maji," akasema, "si maji kwenye soda,
hata uwe na haraka ya mazishi."
Akamimina kidogo kidogo, uso kaupeleka kando,
na maji ya baridi yakafuka mvuke
pasi na kuni.

Nikaanza upya, pale pale, juu ya mfuko wa sukari.
Moli moja ya soda hii ni gramu arobaini.
Arobaini: siku alizokaa ndani aliponizaa,
siku tulizomhesabia bibi,
na za mwizi, kama wasemavyo.
Nne kwa arobaini, sehemu moja ya kumi.

Lakini hiyo ni soda ya kwenye kopo.
Swali linataka kinachotokea ikishaingia majini.
Besi dhaifu, alisema mwalimu, huachana na kurejeana,
ndani ya glasi moja wamo walio pamoja
na waliofungasha.
Kali haina rejea. Hutoa zote tatu kwa mpigo:
sodiamu huku, haidroksidi kule,
hapana punje inayobaki na mwenzake.
Darasa zima likacheka. Mimi nilitazama dirishani.
Baba alizitoa zote tatu kwa ujumbe wa simu,
mama akausoma mikono ina mchanga wa mwani.

Basi moja ya kumi ya soda
ni moja ya kumi ya haidroksidi, haipungui kitu.
Logi yake hasi moja. Igeuze alama: moja.
Hapa ndipo nilipoteremka.
Moja hiyo ni pOH, na haikuulizwa.
Hizo mbili hugawana kumi na nne,
maji yakiwa na joto la kawaida,
hii ikipanda ile inashuka.
Kumi na nne, mwezi mpevu, bamvua,
siku mama anapozifuata kamba zake mbali kabisa.
Toa moja.

"Kumi na tatu," nikasema kwa sauti.
"Kumi na tatu nini?"
"Ukali wa maji, ukitia gramu nne kwa lita."
Mama akaitazama ndoo. "Mimi nimetia robo tatu ya kilo
kwenye lita mbili."
Nikapiga, nikafuta, nikapiga tena.
Inakaribia kumi na tano.
Ubao wa rangi ulio nyuma ya kitabu chetu
umekoma kumi na nne.
"Bibi yako alipima kwa yai," akasema. "Likielea, imefika."

Akavua glavu. Kidole kinateleza.
Nikamvuta mpaka kwenye bomba.
"Huko kuteleza ni mafuta ya ngozi yako," nikamwambia,
"yanageuka sabuni."
"Kumbe sabuni ni mimi!"
Akacheka, akaacha maji yaende, yaende.

Jumamosi tulizikata, za mwani na karafuu,
tukazipanga juu ya kabati.
Mama akaandika tarehe ukutani kwa mkaa.
Zikae siku ngapi, sikuuliza.

Ya kumi na tisa nilirudi na ukanda wa karatasi
niliouomba maabara. Nikalowesha kipande, nikaugusisha.
Buluu, nzito.
"Bado," nikasema.
"Najua," akajibu mama, anatema mate uani.
Alishailamba.