Kituo cha Tano, Kamalondo

Tulikutana saa mbili asubuhi mbele ya duka la saruji,
watu sita na mwavuli mmoja.
Banza, kiongozi wetu, alivaa kofia ya mgodini
ambayo haijawahi kushuka mgodini.
"Mafaranga elfu saba kwa vituo saba," alisema,
"elfu moja kila kituo. Maji ya kunywa juu yenu."
Nilivaa miwani ya jua.
Nilisema natoka Likasi.

Oktoba. Mijakaranda ilikuwa imemwaga zambarau
juu ya barabara nyekundu, na hakuna aliyefagia.

Kituo cha kwanza: karakana ya wafua shaba.
Siku hizi ni saluni.
Banza alituonyesha kisiki
ambacho nyundo zilikichimba bakuli dogo.
Mvua ikinyesha, kuku hunywa humo.

Cha pili ni ukuta. Ukuta tu.
"Hapa palikuwa na simba," alisema,
nasi tukautazama ule ukuta kwa adabu
kana kwamba simba angeona haya, arudi.

Cha tatu, chumba cha mchora mamba-muntu:
nusu mwanamke, nusu samaki,
saa ya dhahabu mkononi.
Zamani kila sebule ilimtaka.
Kisha wakaja wahubiri wapya,
akachomwa uani pamoja na magodoro ya wagonjwa.
"Moshi wake," alisema Banza, "ulikuwa wa buluu."
Mzee mmoja katika kundi letu alitikisa kichwa:
"Wa kijani." Wakabishana hadi kwenye kona.

Cha nne sikumbuki.
Nilikuwa nahesabu milango.

Cha tano.
Mlango wa bati, komeo la waya.
Mguu wangu uliruka mtaro.

"Hapa aliishi fundi Mwepu," alisema Banza,
sauti ikishuka kama mtu anayeingia kanisani,
"aliyechora juu ya magunia ya unga.
Alichora treni, hakuchora kingine.
Siku moja alipanda mojawapo ya treni zake
na hadi leo hajashuka."
Watu wakasema aah. Mama mwenye mwavuli
alijipangusa jicho.

Mimi nilinyamaza.

Maana ni kweli kuhusu magunia:
katika mbingu zake, ukisogea karibu,
chini ya mawingu unasoma KILO HAMSINI.
Ni kweli kuhusu treni.
Lakini Kampuni ilipoacha kulipa mishahara
hakuna aliyenunua picha, watu walinunua bukari,
naye akauza makaa kwa kopo,
viganja vyeusi hadi siku tulipomwosha.
Picha ya mwisho mama aliipigilia misumari
juu ya tundu la paa la jikoni.
Tulikula chini ya treni ile miaka minne.
Ilivuja kwenye behewa la tatu.

Ningeweza kusema haya yote.
Ila katika hadithi ya Banza
baba hakuwa na kikohozi.

Cha sita, cha saba: mchonga vinyago, mpiga picha,
na kwa mbali bomba refu la Kampuni na kilima chake cha masizi,
vitu ambavyo havihitaji kiongozi.

Tulilipa chini ya kivuli cha ubao wa bahati nasibu.
Nilitoa elfu saba. Banza akahesabu,
akanirudishia noti moja iliyokunjwa ndogo
kama dawa.

"Vituo vilikuwa saba," nikasema.
"Kwako sita. Mtu halipii mlango wake."

Nikavua miwani.
"Umejuaje?"

"Mtaro ule tuliufukia mwaka juzi.
Wenzako wote wamepita moja kwa moja.
Wewe umeruka."

Akasimama akitazama viatu vyake.
Kisha, polepole, kama anayeomba chumvi kwa jirani:
"Ile ya treni. Nimeikosea wapi?"

"Hakuwahi kupanda treni," nikamwambia.
"Aliogopa madaraja."

Akatafuta karatasi mfukoni, hakupata.
Akaandika kwenye kiganja, kwa kalamu ya wino,
neno moja: madaraja,
kisha akakipuliza kiganja
ili likauke.