Kutoka Wapi, Kwenda Wapi

Aliiweka juu ya kaunta ikiwa imefungwa kwa khanga,
kama aletaye kuku sokoni na hataki apigwe baridi.
"Fundi, hii ya dukani. Ya kamera. Imeanza kulia."
Nikafungua skrubu nne. Vumbi la pumba,
buibui mmoja, mkavu,
na diski yenyewe, bado ina uvuguvugu wa kwapa lake.
Niliisikiliza kama kifua cha mtoto:
kra. Kimya. Kra, kra.

Tukuyu mvua haiulizi mwezi. Ilikuwa juu ya bati.

Hizi mashine, nikamwambia, hukumbuka siku thelathini.
Ya thelathini na moja huja kukaa juu ya ile ya kwanza,
kwenye kiti kilekile,
wala haigeuki kuangalia imemkalia nani.
"Najua. Ndiyo maana niling'oa waya
siku ya ishirini na sita. Nilihesabu kwenye kalenda ya kanisa."

Anataka Jumanne moja tu.
Jumanne ambayo Ambakisye alirudisha laki nane,
zikahesabiwa mbele ya mizani, akaenda zake.
Sasa aliyezipokea yuko chini ya migomba,
na mashemeji wanamdai Ambakisye mara ya pili.
"Deni lililolipwa," akasema, "silipokei tena. Litanikaa kooni."

Kunakili ni kazi ya upande.
Moja inatoa, nyingine inapokea,
na skrini inauliza mara moja tu: kutoka wapi, kwenda wapi?
Mwaka juzi nilijibu nikiwa na njaa.
Nikaumwaga utupu juu ya harusi ya watu wa Kiwira:
keki, mabinamu,
shangazi aliyecheza mpaka kilemba kikadondoka,
vyote vikawa sifuri, kwa uaminifu kabisa,
bila kosa hata moja.
Tangu hapo diski ya zamani naibandika plasta nyekundu.
Nasoma mara tatu, kwa sauti. Mteja akicheka, acheke.

Asilimia arobaini na moja, umeme ukaenda.
Nikaunga betri ya gari.
Palipogoma nikaparuka, kisha nikaparudia kinyumenyume,
kama mtu anayetafuta sindano kwa kurudi nyayo zake.
Saa tisa usiku kijana wangu Lugano alilala juu ya koti.
Mimi nilikaa na mlio ule. Nilishaanza kuuzoea.

Asubuhi: tisini na tisa, na vichele.
Subilaga akaja na maparachichi matatu, akakaa.

Jumanne. Saa kumi na dakika sita.
Huyo Ambakisye, kofia mkononi.
Kidole kinaguswa ulimini, noti inafuata noti,
wanapeana mikono. Ushahidi umetimia.
Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha."

Ambakisye hayupo. Mwanamume amebaki na mizani,
anaipangusa kwa mkono wa shati.
Anatoka kwenye picha, anarudi na kikombe.
Anatazama juu, kwetu, au kwa mjusi tu ukutani,
kisha anageukia mlango wa nyuma, na midomo inacheza.

"Kamera hii haina sauti," nikasema.
"Ya nini? Anasema, Suba, mvua hiyo.
Nilikuwa nyuma, nimeanika mpunga."

Hapo picha ikapasuka vigae vya kijani.
Sekunde kumi na moja.
Ilipotulia, yeye alikuwa ameketi, mabega yamelowa,
na turubai limekunjwa miguuni pake.
Nikarudisha. Vigae. Nikarudisha tena.

"Basi, fundi," akasema. "Hapo ndipo nilipopita mimi."

Nikaandika risiti: nakala mbili, moja ya baraza.
Nikamuuliza kama ile mbovu niitupe.
Hakujibu. Aliibandua plasta kwa ukucha, polepole,
akaifunga tena kwenye khanga.
"Ndaga," akasema, akatoka mvuani
akiwa ameiinamia.